Inchi Nne za Mninga Mbichi

Nimekwisha kuwasimulia jinsi nilivyohamishwa kutoka Nyarubungo na bati zangu kumi na mbili kichwani. Nimewasimulia pia jinsi sanduku langu la spana, urithi wa marehemu fundi aliyenifunza kazi Mwanza, lilivyogeuzwa mali ya kijiji cha Runazi kwa maneno ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Gozbert, dereva wa gari la kijiji. Mlinihurumia. Wengine mliniandikia barua za pole.

Leo naomba mzirudishe pole zenu. Kuanzia hapa mbaya ni mimi, Ansbert.

Ilikuwa Februari 1979. Jeshi letu lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka, na huku nyuma kila kijiji kiliulizwa kimetoa nini. Wengine walitoa ng'ombe, wengine maharage, wengine vijana wao.

Siku ya Jumatatu afisa mmoja alikuja kutoka wilayani akiwa na fimbo. Haikuwa ya kuchapa mtu. Ilikuwa ya kupimia magari.

“Nataka magari ya kwenda milima ya Ngara kupeleka chakula na mgambo,” alisema. “Huko njia ni mawe na matope. Gari likipita juu ya fimbo hii bila kuigusa, linakwenda. Likiigusa, linabaki.”

Gari letu tuliliita Mbogo. Lilikuwa pikapu kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye nguvu kuliko sura yake. Gozbert aliliendesha taratibu juu ya fimbo. Tukasikia kwaa! Fimbo ikaanguka.

“Inchi nne,” afisa akasema. “Limepungua inchi nne. Nitarudi Ijumaa.”

Mwenyekiti wetu, Ndugu Faustini, alibaki ameitazama ile fimbo kwa uchungu. Kijiji jirani gari lao lilikuwa limepita.

Jioni ile ile kengele ya mkutano ikalia.

“Kidumu Chama Cha Mapinduzi!”

“Kidumu!”

“Ndugu wananchi, ajenda ni moja. Gari lipande juu inchi nne. Fundi, sema.”

Nikasimama. Nilikuwa nafahamu kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Biharamulo na Ngara, na sijivuni.

“Njia ni tatu,” nikasema. “Ya kwanza, tuongeze vipande vya springi kutoka kwenye ule mzoga wa lori ulioko njia ya Lusahunga. Lakini hapo tutapata inchi mbili tu. Ya pili, tuweke vipande vinene vya chuma kati ya springi na ekseli. Hivyo vitachongwa Mwanza, na ni wiki mbili. Ya tatu ni vipande hivyo hivyo, ila vya mti mgumu. Tunavibana kwa yuboti ndefu, zile bolti zilizopinda kama herufi U, za lile lori.”

“Mti tunao!” Faustini akadakia. “Tutakata mninga katika msitu wa kijiji.”

Watu wakapiga makofi. Ndipo Mzee Bulugu akanyanyuka. Alikuwa amehamia kwetu kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu wa maneno machache, na watu walikuwa wamezoea kumtania kwamba anaongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na binadamu.

“Mwenyekiti, mti ukikatwa leo una maji,” alisema. “Ukikauka unasinyaa, halafu unapasuka. Mke wangu Ernesta ana kinu cha mninga. Kina miaka kumi na mitano, kimekauka mpaka kinalia kama chuma. Kitako chake peke yake kinatoa vipande vinne. Amekubali. Mahindi atatwanga kwa jirani.”

Wazo lilikuwa zuri. Nilijua ni zuri.

Faustini akatikisa kichwa. “Asante, mzee wangu. Lakini hebu tufikiri kimsimamo. Hili ni gari la ujamaa. Gari la ujamaa litasimamaje juu ya kinu cha mtu binafsi? Kesho Mama Ernesta si atasema robo ya gari ni yake?”

Watu wakacheka.

“Hatasema,” Bulugu akajibu.

“Yeye hatasema, wajukuu wake watasema! Mti utatoka msitu wa kijiji, utakatwa na wanakijiji.”

“Haraka haraka haina baraka, Mwenyekiti.”

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee!”

Wakacheka tena. Mzee Bulugu hakucheka. Akanigeukia mimi.

“Wewe ndiye fundi,” akasema. “Tuambie. Mti mbichi unafaa?”

Msomaji, nitakueleza nilichokiona wakati ule. Gozbert alikuwa amekaa juu ya boneti ya Mbogo, miguu inaning'inia. Kiunoni alikuwa amechomeka spana ya marehemu fundi wangu, na alikuwa akiigongagonga kwa ukucha kana kwamba alizaliwa nayo.

Nikawaza: gari hili ataliendesha yeye. Litamlegea kwenye tope la kwanza mbele ya askari na mgambo, wamcheke, na kijiji kitajua nani anastahili kushika spana.

Sikutaka afe. Nimejiapia hivyo mara nyingi.

“Unafaa,” nikasema.

Neno moja tu. Mzee Bulugu alinitazama kidogo, akakaa chini.

Ikapigwa kura. Wanaotaka inchi nne za mninga wa kijiji, mikono juu! Mikono yote ikapanda. Mmoja akapendekeza inchi tano ili tuwapite majirani, akatulizwa. Wangu nao ulikuwa juu, na niliunyoosha vizuri uonekane.

Kesho yake mti ukakatwa kwa nyimbo. Mnaoufahamu mninga mnajua kwamba ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Nilichonga vipande vinne huku vinachuruzika. Nilipovibana kwenye ekseli na kukaza nati, utomvu ulitoka pembeni ukadondoka mchangani. Mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Gozbert akaja kuchungulia. “Ee fundi! Umemchinja nani?”

Nilicheka naye. Nilipokwenda kunawa, rangi ile haikutoka. Ilikaa kwenye kucha zangu siku tatu.

Ijumaa afisa akarudi. Mbogo akapita juu ya fimbo, na fimbo haikutikisika. Wanawake wakapiga vigelegele, Faustini akakaribia kulia. Afisa akaandika namba ya gari, akasema tusubiri amri.

Amri haikuja upesi. Gari lilisimama siku tisa mbele ya ghala la kijiji, kwenye jua kali la Februari. Juani pale mti mbichi hauna pa kujificha.

Siku ya tano nilipita karibu yake nikitoka shambani. Nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Kipande cha nyuma, upande wa kulia, kilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Nikaigusa nati. Ilizunguka kwa vidole.

Nikasimama, nikaenda zangu nyumbani, nikala ugali na maharage, nikashiba. Sikumwambia mtu.

Siku ya nane, mchana, Gozbert alibisha hodi kwangu. Alikuwa amebeba sanduku begani.

Sanduku langu.

“Nimeiomba kamati wakurudishie,” alisema, akaliweka chini. “Nilikosea, Ansbert. Siku ile nilitaka kumfurahisha Mwenyekiti. Sasa nakwenda vitani, na sitaki kuondoka na kinyongo cha mtu.”

Akachomoa na ile spana kiunoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Miaka mitatu nilikuwa nimepanga matusi ya kumtukana mtu huyu, na yote yakanikauka mdomoni. Niliuona ule ufa mbele ya macho yangu waziwazi.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili peke yetu, mtu mwenyewe amekuja kuomba radhi. Sikusema kweli. Nilisema nusu yake, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa kanzu.

“Chukua spana hii,” nikamwambia. “Kila asubuhi na kila jioni kaza nati za yuboti. Usisahau hata siku moja. Mti huwa unashuka kidogo.”

“Nitakaza.”

“Kila siku, Gozbert.”

“Nimesikia, fundi. Mbona unanishika mkono hivyo?”

Nikamwachia. Alipoondoka nilihisi nimetua mzigo. Akikaza atafika, nilijiambia. Na akifika nitamwandikia barua abadilishe vile vipande. Nilimshukuru Mungu kwa wokovu wa bei rahisi kiasi kile.

Siku ya tisa ilikuwa zamu yangu ya shamba la kijiji. Niliondoka alfajiri na jembe. Saa nne nikamwona Mzee Bulugu anakuja kwa baiskeli, anapita katikati ya mahindi badala ya njiani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Gari limeondoka.”

“Vizuri.”

“Gozbert hakuliendesha. Ana homa, anatetemeka kitandani. Amri ilifika saa kumi na mbili, wakatafuta dereva mwingine.”

“Nani? Hapa Runazi hakuna dereva mwingine.”

“Yupo. Gozbert alikuwa anamfundisha kwa siri tangu mwaka jana. Alitaka kukufurahisha wewe, siku ukijua. Ni mdogo wako, Novatus.”

Jembe likaniponyoka.

Novatus! Mtoto wa mwisho wa mama yetu, Verediana. Nilimbeba mgongoni siku za kutoka Nyarubungo miguu ilipomvimba, ingawa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini. Mama alipokuwa anafariki alinishika kidole, akasema maneno mawili tu: Novatus huyo.

Nilikimbia mpaka kwa Gozbert. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana.

“Spana!” nikapiga kelele. “Ulimpa Novatus spana?”

Akapapasa chini ya godoro. Akaitoa.

“Nimeilalia,” alisema. “Nilimwambia akaze nati, nikasahau kumpa. Kwani kuna nini, Ansbert? Uso wako umebadilika.”

Niliinyakua nikatoka. Mzee Bulugu alikuwa amenifuata, amesimama nje na baiskeli yake. Alinisogezea usukani.

“Mti mbichi,” akasema.

Nilikanyaga baiskeli ile kama mwizi. Mpaka Lusahunga nilikuwa sina mate. Nikaambiwa gari lilichelewa pale likipakia mgambo kumi na wanane na magunia ya muhogo, limeondoka muda si mrefu.

“Lilikuwaje?” nikauliza.

“Zuri! Refu!” mwanamke mmoja akajibu. “Ila lilikuwa linatembea limeinama upande, kama mtu mwenye jipu.”

Nikaendelea. Kabla ya Nyakahura kitu kiling'aa barabarani. Nikasimama. Ilikuwa nati, bado ina grisi yangu. Nikaitia mfukoni. Mbele kidogo nikaikuta ya pili.

Kila kipande kinashikwa na nati nne. Zikitoka mbili, kipande kinabaki kimeshikwa upande mmoja. Kikiteleza, ekseli inakwenda kombo na usukani haumsikii tena dereva. Kwenye tambarare utaingia mtaroni. Kwenye mteremko hutapata mtaro.

Na mbele ya Nyakahura barabara inaanza kushuka.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi nilipoliona. Mbogo alikuwa amesimama kileleni kabisa, mbele ya kizuizi cha askari. Mgambo walikuwa wamejaa nyuma, wanaimba. Na dirishani, kofia imekaa upande, alikuwa Novatus, mzima, anacheka.

Nililia, msomaji. Nililia juu ya baiskeli kama mtoto.

“Kaka Ansbert! Shikamoo! Umenifuata?” Aliruka chini akaja kunikumbatia. “Ulikuwa hujui, eh? Gozbert alisema tukufiche mpaka nipate leseni!”

“Novatus, gari hili lisishuke.”

“Kwa nini?”

Nikafungua mdomo nimwambie. Hapo ndipo nikamwona yule mtu.

Alikuwa amekaa chini kando ya kizuizi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, mdomo umevimba. Askari wawili walikuwa wamesimama juu yake.

“Huyo nani?” nikanong'ona.

“Mhujumu,” Novatus akajibu. “Fundi wa gari la kijiji kimoja. Ametia mchanga kwenye tangi. Wamesema wakati wa vita mtu kama huyo hapelekwi mahakamani.”

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Afande aliyekuwa akiongoza kizuizi akatukaribia. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole wake ulinitia baridi.

“Huyu nani?”

“Afande, huyu ni kaka yangu!” Novatus akasema kwa majivuno. “Ndiye fundi aliyelipandisha gari hili.”

Afande akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Umefuata nini kwa baiskeli, fundi?”

Yule mtu aliyefungwa akainua kichwa, akaniangalia. Nadhani alijua. Fundi anamjua fundi.

“Nati, afande,” nikasema. “Nati mbili zimedondoka njiani. Nimekuja kuzikaza.”

“Dakika kumi.”

Nikaingia chini ya gari. Ufa ule haukuwa uzi tena. Ungeweza kuingiza ncha ya kidole. Nikarudisha nati, nikakaza moja, nikakaza ya pili, na nilipokuwa nainyonga ya tatu nikasikia ndani ya mti sauti ndogo, kavu: ta. Ufa ukafika upande wa pili.

Nililala pale chini, uso wangu na kile kipande vimekaribiana. Juu yangu watu kumi na wanane walikuwa wanaimba na kupiga miguu. Miguu ya Novatus ilikuwa inatembea huku na huku kando ya gurudumu, imevaa viatu vyangu vya zamani nilivyompa Krismasi.

Nikisema gari hili ni bovu, nitaulizwa liliharibika lini. Nikisema mti ulikuwa mbichi, Mkutano Mkuu mzima wa Runazi ulinisikia nikisema unafaa. Nisiposema, atakayekufa ni yule aliyevaa viatu vyangu.

“Fundi!” Sauti ya afande ilitoka juu. “Litashuka salama?”

Lilikuwa swali lile lile la Mzee Bulugu. Nilijua jibu, kama siku ile.

Nikatoka chini ya gari. Nikajifuta mikono. Nilimtazama yule mtu aliyefungwa, nikamtazama mdogo wangu.

“Litashuka,” nikasema.

Afande akaniwekea mkono begani. “Vizuri. Basi panda mbele. Gari la vita haliachi fundi wake nyuma.”

Kizuizi kikainuliwa. Novatus akanifungulia mlango kwa heshima, kama mgeni rasmi. Nikaketi na spana magotini. Nikachungulia njia: ilishuka, ikapinda, ikapotea.

“Shika vizuri, kaka,” Novatus akasema, akaachia breki. “Leo utaona nilivyojifunza.”